Asishikwe Mpaka Aseme: Maisha ya Kocha Taratibu

Ndugu, jamaa na marafiki, jina kamili la marehemu limechapishwa kwenye jalada la ratiba mliyonayo mkononi, chini ya picha ambayo amekunja sura kwa sababu mpiga picha alimwambia atabasamu. Wengi wenu mmelisoma jina hilo leo kwa mara ya kwanza, na kuna waliosimama getini wakiulizana kama kweli wamefika kwenye msiba wenyewe. Mmefika. Ni yeye, Kocha Taratibu. Wasifu huu unasomwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye familia ilimchagua kwa kuwa alikuwepo tangu siku ya kabati, na habari ya kabati itafika mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa pili na wa mwisho, katika chumba cha uani cha nyumba ya kupanga iliyokuwa nyuma ya ghala la nafaka. Baba yake alikuwa mpakiaji wa magunia katika ghala hilo, na mama yake alishona magunia yaliyotoboka, hapo hapo. Dada yake mkubwa, ambaye tumeketi naye hapa mbele, anakumbuka kwamba alikuwa mtoto mwembamba mwenye magoti makubwa kuliko mapaja, na kwamba hakuna aliyemdhania kazi ya nguvu. Akiwa na umri wa miaka tisa, siku moja alikuwa amekaa juu ya mizani ya ghala akimsubiri baba yake amalize zamu. Baba alikuwa anashusha gunia kutoka begani. Mwenzake mmoja, mtu mwema kabisa, akamwonea huruma, akalidaka gunia kwa nyuma bila kusema neno. Uzito ukahama, kiuno kikazunguka, na mzee hakubeba tena gunia maisha yake yote. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, mchangamfu, akiuza mishumaa na viberiti barazani. Lakini mwanawe alitoka ghalani siku ile na mambo mawili kichwani: kwamba watu huumia zaidi wakati wa kushusha kuliko wakati wa kunyanyua, na kwamba msaada usioombwa unaweza kumvunja mtu mgongo. Yote aliyokuja kuyafundisha yalitoka ghalani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960. Akiwa darasa la nne, yeye na wenzake walitumwa kuhamisha madawati kutoka chumba kimoja hadi kingine. Upande wa wenzake ilisikika kama nyumba inabomolewa. Upande wake palikuwa kimya, na mwalimu akaenda na fimbo akiwa na uhakika kwamba amepata mtoro. Alimkuta ndani, ulimi nje, anaweka dawati la mwisho mguu mmoja baada ya mwingine.

"Wewe, mbona taratibu hivyo?"

"Nikiliachia litavunja miguu, mwalimu."

"Miguu yako au ya dawati?"

Mtoto alifikiri kidogo. "Yote."

Jina la Taratibu lilianzia hapo na halikumtoka tena. Alimaliza sekondari mwaka 1971, akaingia chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka 1974 katika elimu ya viungo. Cheti chake kipo sebuleni mpaka leo, kimeinama upande mmoja, kwa sababu hakukubali mtu amsaidie kukitundika. Januari 1975 alianza kufundisha katika shule ya sekondari ya wavulana, ambako alijulikana kama mwalimu pekee wa michezo asiyemiliki filimbi. Alisema ukimpulizia mtu filimbi atakimbia, lakini hatajua kwa nini anakimbia.

Kwa kawaida ndoa husomwa baada ya kazi. Hapa itatangulia, maana kazi yenyewe haieleweki bila kabati.

Mwaka 1978 marehemu alikuwa amepanga chumba cha chini katika nyumba ya ghorofa moja. Jumamosi moja alihamia pale msichana mpiga chapa wa ofisi ya ardhi, akisaidiwa na mdogo wake wa kiume. Vitu vyote vilipanda salama isipokuwa kabati la mbao nzito, urithi wa bibi yao, ambalo lilikwama kwenye kona ya ngazi. Mdogo mtu alikuwa juu anavuta. Dada mtu alikuwa chini, kabati limemlalia begani. Mlango wa chini ukafunguka, akatoka kijana mrefu aliyevaa kaptula ya michezo. Hakusalimia. Alipanda ngazi mbili, akanyoosha mikono chini ya kabati, viganja juu, bila kuligusa, akasimama hivyo kama mtu anayekinga mvua.

"Kaka," alisema yule msichana, "unaangalia sinema?"

"Sijaombwa, dada."

"Unataka nikuandikie barua?"

"Hapana. Sema tu."

Dada yetu ni mpole, lakini siku ile alikuwa amebeba kabati. Alivuta pumzi akasema neno moja: "Shika."

Akashika. Kilichofuata, yule mdogo aliyekuwa juu anakisimulia mpaka leo kwa kila mtu anayekubali kusikiliza. Kabati lilipanda kana kwamba limeambiwa. Kule juu likawekwa sakafuni bila kumwamsha mtoto wa mwenye nyumba aliyekuwa amelala chumba cha pili. Jioni yake dada alimwambia mdogo wake, "Yule jamaa sidhani kama yuko sawasawa, ila kabati ameliweka vizuri." Walifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1979, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti ambaye ni fundi umeme na kijana ambaye ni mpishi. Kabati walihama nalo mara tatu, na kila mara marehemu ndiye aliyeamua nani ashike wapi.

Sasa kazi. Mwaka 1991 marehemu alikodi chumba kirefu cha ghorofani kilichokuwa stoo ya duka la mikate, chumba kinachonukia hamira hadi leo, akafungua ukumbi wa mazoezi ya nguvu. Miaka mitano baadaye aliacha ualimu na kubaki na ukumbi tu. Vyuma vyake vya kwanza vilikatwa na fundi wa kuchomelea kutoka kwenye ekseli za malori. Vingine vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Hakuweka vioo ukutani. Alisema kioo kinakuonyesha umbo, lakini hakikuambii kama unapumua. Kosa alilolifanya, na alikiri kwamba lilikuwa kosa, ni kutouliza nani amepanga chumba cha chini. Siku ya ufunguzi kijana mmoja aliangusha chuma, na kabla vumbi halijatua, mtu mfupi mwenye lenzi jichoni alikuwa mlangoni, koleo dogo mkononi, anatetemeka kwa hasira. Alikuwa fundi saa.

"Nimepoteza skrubu," alisema. "Ndogo kuliko chembe ya chumvi. Imeruka. Mnanisaidiaje?"

Ukumbi mzima ulishuka chini, ukapiga magoti na kutafuta skrubu mpaka ikapatikana kwenye ndevu za fundi mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna chuma kilichoanguka katika chumba kile. Marehemu hakuona kuwa hilo ni sharti la mpangaji mwenzake. Aliliona kama zawadi, kwa sababu sasa alikuwa na sababu ya kumfundisha kila mtu jambo lililokuwa moyoni mwake tangu ghalani. "Kunyanyua hata hasira inanyanyua," alikuwa akisema. "Wewe nionyeshe unavyoshusha." Fundi saa akawa rafiki yake mkubwa. Baadaye akawa mwanafunzi wake, ingawa kwa miaka yote alidai kwamba anapanda juu kukagua kelele tu.

Ukutani palikuwa na amri mbili kwa chaki. Ya kwanza: Shusha bila kishindo. Ya pili: Asishikwe mpaka aseme. Kwa wasiojua mambo haya, mtu anapolala kwenye benchi na kunyanyua chuma kizito, mwenzake husimama nyuma yake ili kumwokoa akizidiwa. Kwingine huyo mwenzake huingilia anapoona inafaa. Kwa Kocha Taratibu alitakiwa asimame mikono wazi, karibu kabisa, asiguse, mpaka anyanyuaye aseme "Shika." Likitamkwa, ashike papo hapo. Mkewe alipoliona neno lile linatumika ukumbini, alimwuliza amelitoa wapi. Akajibu kwamba kuna dada mmoja alimfundisha kwenye ngazi.

Somo la kwanza kwa kila mgeni, awe na misuli au asiwe nayo, lilikuwa kukaa sakafuni na kuinuka bila kushika kitu. Vijana walinuna sana.

"Kocha, mimi nimekuja kwa ajili ya kifua."

"Na hicho kifua utakipeleka wapi kama huwezi kuinuka?"

Alikuja mwalimu mkuu mstaafu, mama wa watu, akasema hataki chochote ila aweze kumbeba mjukuu wake bila kuogopa. Marehemu hakumpa chuma. Alimpa dumu la maji lililojaa nusu, kwa kuwa mjukuu hatulii kama chuma, na maji yanahama kama mtoto anayetaka kushuka. Yule mama alibeba dumu, akalikemea, akalibembeleza, na baada ya miezi kadhaa alimbeba mjukuu mpaka juu ya ngazi za ukumbi kuja kumwonyesha Kocha. Mjukuu huyo sasa ni mtu mzima na ni mmoja wa watakaobeba jeneza leo. Waliokuja na haraka ya kupasua misuli kabla ya harusi au kabla ya likizo aliwaambia, "Mazoezi yakikuzuia kuja kesho, hayo hayakuwa mazoezi, ulikuwa ugomvi." Wengine walihamia ukumbi wa barabara ya pili wenye muziki na vioo. Wengi walirudi, wengine wakichechemea, na hakuna aliyechekwa zaidi ya ilivyostahili.

Mtu huyu alikuwa na kasoro, na shemeji zake tunaruhusiwa kuisema. Katika miaka yote ya ukumbi ule, yeye mwenyewe hakuna aliyemsikia akisema "Shika." Wanafunzi walilisimulia kama sifa. Mkewe hakuliona hivyo. Homa alijiuguza, paa likivuja alijipandia, na baba yake alipofariki alikwenda kulia bafuni huku amefungua bomba. Dada yetu alisimama nje ya mlango ule akiwa na taulo mkononi, akisikiliza maji, kwa sababu alikuwa mke wa mtu mwenye amri na aliiheshimu. Aliwahi kumwambia mdogo wake kwamba hakuhitaji gari wala nyumba kubwa kutoka kwa mume wake. Alitaka aombwe, hata mara moja.

Tarehe 17 Mei 2022 marehemu alipatwa na kiharusi kilichodhoofisha upande wake wa kushoto. Hospitalini alikuwa mgonjwa msumbufu kupita kiasi. Mtaalamu wa viungo, binti mdogo mwenye subira ya ajabu, alikuwa akimwelekeza jinsi ya kukanyaga, naye anamsahihisha jinsi ya kuelekeza. Aliporudi nyumbani balaa likaanza. Alikataa fimbo, alikataa kiti cha bafuni, alikataa bega la mtu. Alianguka jikoni. Akaanguka tena mlangoni. Daktari alisema wazi kwamba akianguka hivyo tena tunaweza kumpoteza, na binti yake akataka amchukue akakae kwake. Mkewe alikataa. Lakini alikuwa hapati usingizi tena. Alikonda, akawa anatembea nyuma ya mume wake nyumba nzima, mikono wazi, bila kumgusa. Ukimwona unasikia uchungu.

Jumapili moja wanafunzi wake walikuja kumjulia hali. Sebule ikajaa mabega. Marehemu alifurahi, na furaha ikampanda kichwani, akatangaza kwamba atawaonyesha somo la kwanza. Alishuka sakafuni mwenyewe, polepole, mbele ya lile kabati, bila kishindo, vizuri sana. Walipiga makofi. Kisha akajaribu kuinuka, na mguu wa kushoto ukagoma.

Hapo ndipo yalipotokea yale ambayo hayawezi kutokea kwa watu wengine wowote. Wanafunzi waliinuka wote kwa pamoja, wakamzunguka, wakainama, wakanyoosha mikono. Na wakabaki hivyo. Alijaribu tena, akashindwa. Akapumzika, akajaribu. Jasho likamtoka yeye, na wao likawatoka zaidi. Chai iliyomiminwa ikapoa kwenye vikombe. Fundi saa, aliyechelewa kwa sababu fundi saa wetu hajawahi kuwahi popote, aliingia akakuta watu wenye nguvu kuliko wote mtaani wameinama juu ya mzee aliyekaa chini, na hakuna anayefanya kitu.

"Nyie mna akili kweli? Mzee yuko chini."

"Hajasema," alijibu mwalimu mkuu mstaafu, machozi yanamtoka, mikono bado wazi.

"Hajasema nini?"

"Neno unalijua."

Fundi saa alijua. Alivua miwani yake, akainama na yeye, akanyoosha mikono.

Mkewe alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Aliwatazama wote, akapenya katikati yao, akajishusha mpaka chini, akakaa kando ya mume wake. Inafaa ijulikane kwamba magoti ya dada yetu hayafai kitu. Akikaa chini haamki bila watu wawili, na mume wake alilijua hilo vizuri.

"Umefanya nini sasa?" marehemu alimwuliza.

"Nimekaa."

"Utaamkaje?"

"Sijui. Na wewe?"

Marehemu aliwageukia wanafunzi. "Mshikeni mama."

Mikono ikasogea. Dada yetu akainua kidole. "Hapana. Mimi sijasema. Kanuni ni kanuni."

Kuna aliyecheka puani akajizuia. Marehemu alimgeukia mkewe.

"Basi sema, mama watoto. Utaumia."

"Sema wewe kwanza. Mimi nilishasema, siku ya kabati. Nimengoja zamu yako mpaka nimezeeka."

Marehemu aliinamisha kichwa. Alitazama mkono wake wa kushoto uliolala pajani, kisha akatazama kabati. Halafu alisema, kwa sauti ndogo ambayo wa nyuma hawakuisikia, "Shika."

Mikono yote ilikuja kwa wakati mmoja. Walimnyanyua kwa nguvu ya miaka yote waliyokuwa wameiweka akiba, wakakaribia kumgonga darini, na fundi saa akawapigia kelele, "Taratibu!" Marehemu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, mbele za watu, bila bomba lolote kufunguliwa. Wote walikuwa wameshamkumbatia ndipo sauti ikatoka chini.

"Na mimi shikeni, basi. Au nilale hapa?"

Tangu Jumapili ile marehemu alilipenda neno lile kuliko inavyofaa. Kikombe, shika. Rimoti, shika. Gazeti limedondoka, shika. Mkewe alilalamika kwa kila jirani kwamba sasa hata kupiga chafya anataka mtu amshike, na alilalamika huku amenawiri. Fimbo ilikubaliwa, na kiti cha bafuni pia. Kila Alhamisi vijana walimbeba mpaka ukumbini akakaa kwenye kiti chini ya zile amri mbili, akiwasahihisha watu. Hakuanguka tena, na alipata muda mzuri nyumbani ambao daktari hakuutegemea.

Mwishoni mwa Januari mwaka huu alipatwa na kiharusi cha pili. Alilazwa siku chache, akiwa ametulia, na yule binti mtaalamu wa viungo alikuja kumsalimia nje ya zamu yake. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 3 Februari 2024, jua likiwa limeingia dirishani hadi kitandani, alimwomba mkewe mkono, akapewa. Alifariki akiwa ameshikwa, akiwa na umri wa miaka sabini na moja.

Marehemu ameacha mke, binti na kijana, wajukuu wanne ambao wote wanajua kuinuka sakafuni bila kushika kitu, dada yake mkubwa, shemeji yake huyu aliyemzoea vibaya, rafiki yake fundi saa, na wanafunzi wa rika zote ambao hatukuweza kuwaweka kwenye ratiba kwa sababu karatasi ingegeuka kitabu. Ukumbi utaendelea. Utaongozwa na yule mwalimu mkuu mstaafu, na wanaotaka kifua wajiandae.

Limebaki jambo moja. Jana wanafunzi waliochaguliwa kubeba jeneza walikuja kwa familia wakiwa na swali lililowasumbua. Walisema watasimama pembeni mwake, mikono wazi, kama walivyofundishwa. Lakini safari hii Kocha hawezi kusema, na bila neno wao hawajui jinsi ya kumgusa. Dada yetu ndiye aliyejibu. Alisema neno lile ni la kwanza alilowahi kumwambia kwa moyo wote mtu huyu, tena kwenye ngazi, tena kwa hasira, na kwamba analo bado.

Kwa hiyo wasifu unaishia hapa, na shemeji anakaa. Wabebaji, sogeeni. Nyoosheni mikono. Msiguse bado, msikilizeni mama. Akishasema, mbebeni, na mkifika pale mshusheni kama alivyotufundisha, bila kishindo.

Kocha wetu, apumzike kwa amani, taratibu.